Sindano ya gramafoni inaruka mtu akipita: tiba kwa nyumba yenye sakafu ya mbao

Kwenye nyumba za zamani zenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya msingi, iwe Iringa, Mufindi au Tukuyu, santuri hucheza vizuri mpaka mtu akatize sebule. Usikimbilie kubadilisha sindano. Boriti zinazobeba sakafu zikikanyagwa hucheza juu chini, mara nyingi kati ya mara 8 na 15 kwa sekunde, na mkono wa sindano nao una mtikisiko wake wa asili karibu na mara 8 hadi 12. Mitikisiko hiyo ikikutana, sindano hurushwa nje ya mfereji.

Ndiyo maana sponji chini ya mashine haisaidii. Vitu laini hupunguza mtikisiko wa haraka. Huu wa polepole huupitisha, na mara nyingine huuzidisha. Gramafoni iliyoning'inizwa kwa springi ndani huteseka zaidi.

Pima kwanza. Sahani inayozungusha santuri ikiwa imesimama, shusha sindano juu ya santuri, ongeza sauti kidogo kidogo, mtu atembee kawaida. Koni ya spika ya besi ikipwita kwa kila hatua, sakafu ndiyo mkosaji.

Tiba ya kweli ni rafu ya ukutani, kwenye ukuta wa tofali. Kata plaiwudi ya mm 18, sm 50 kwa 40. Fundi wa kuchomelea akutengenezee mabano mawili ya chuma cha L cha mm 40, kila moja na mkono wa mshazari. Bano lisilo na mshazari hunesa. Matundu mawili yawe juu na moja chini, kwa sababu ya juu ndiyo yanayovutwa.

Kutoboa kunahitaji utulivu. Tofali za kuchoma za huku nyingi ni laini, na tofali za kuta za zamani huenda zimeunganishwa kwa udongo. Toboa katikati ya tofali, kamwe si kwenye kiungo, na zima mtindo wa nyundo kwenye drili, la sivyo tundu hupanuka na tofali hupasuka. Tumia plagi ndefu za plastiki za mm 10 na skrubu zake. Bolti za kupanuka hupasua tofali laini. Plasta usiihesabu: plagi iingie angalau sm 6 ndani ya tofali lenyewe. Kaa mbali na mlango unaobamizwa, na spika zisikae kwenye rafu hiyo.

Sawazisha kwa pima maji, kisha rekebisha uzito wa sindano uwe karibu na kikomo cha juu alichotaja mtengenezaji. Sindano nyepesi mno huruka upesi.

Ukuta ukiwa wa mbao, imarisha sakafu. Mistari ya misumari huonyesha boriti zilipo. Weka meza karibu na ukuta, miguu juu ya boriti. Kama uvungu wa sakafu unaingilika, chimba hadi udongo mgumu, mwaga zege sm 30 kwa 30, unene sm 10, liache siku 7. Simamisha nguzo ya paini iliyotiwa dawa ya mchwa, sm 10 kwa 10, ukitenganisha mbao na zege kwa nailoni nzito. Juu ingiza kabari mbili zinazokabiliana na uzigonge mpaka ziguse boriti, basi. Ukiinua boriti, mbao za sakafu huachana na milango hugoma kufunga. Kiangazi mbao husinyaa na kabari hulegea, hivyo zikague kabla masika hayajaanza.