Jinsi ya kuomba IP zako AFRINIC, na namna ya kupanga sabneti kabla hujagusa fomu

Wadau, hili swali la namna ya kupata IP za kampuni yenyewe linarudi kila mara. Kampuni ndogo ya intaneti, minara minne mitano, wateja wanaongezeka, lakini IP zote wanazotumia ni za yule ISP mkubwa anayewauzia, na siku wakitaka kumhama inabidi wabadilishe anwani za mteja mmoja mmoja, kazi ya kuumiza kichwa kabisa. Dawa yake ni kuwa na bloku (fungu la anwani) ya kwenu wenyewe, na kwa Afrika inatoka AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti barani, ofisi zao ziko Ebene, Morisi. Fomu yao haina ugumu wowote. Kinachokwamisha maombi ni ule mpango wa anwani, yaani kugawa bloku kwenye vipande viitwavyo sabneti, mtu anaandika "tunahitaji IP 256" anaishia hapo, halafu analalamika mbona wanamrudishia maswali kila siku. Kwa hiyo nitapita hatua zote ila pale kwenye mpango nitakaa sana, ndipo penye kazi.

Kwanza kabisa, jiulize kama unazihitaji kweli

Kama ni ofisi, hoteli au zahanati inayotaka kamera na seva moja vionekane kutoka nje, achana na AFRINIC. Mwandikie ISP wako imeili uombe /29. Namba baada ya mkwaju ni saizi ya bloku, ikiwa kubwa bloku ni ndogo. Hiyo ni anwani 8, toa ya mtandao na ya brodikasti (ya kwanza na ya mwisho, hazipewi kifaa) zinabaki 6, moja inakaa kwenye ruta ya ISP, unabaki na 5 za kwako. Zinakutosha sana. Kama ni chuo, Tanzania ongea na TERNET, Kenya KENET, hao wana mabloku yao na kazi yao ndiyo hiyo ya kuhudumia vyuo.

Bloku ya kwako ina maana pale unapotaka kuunganishwa na watoa huduma wawili au zaidi kwa BGP (lugha ambayo mitandao inatangaziana njia), au kuingia kwenye kituo cha kubadilishana trafiki kama TIX ya Dar au KIXP ya Nairobi ukiwa na namba zako. Na hapo ujue kwamba kipande kidogo kabisa cha IPv4 (anwani za mfumo wa zamani) ambacho mitandao mingi duniani inakipokea ni /24, chini ya hapo wanakichuja tu. Halafu neno "zako" tusilizoee sana, unapewa kwa mkataba na unalipia kila mwaka, sio kiwanja hicho.

Jambo lingine, IPv4 ni za mgao. Bwawa kuu la IANA, wanaogawia dunia nzima, lilikauka Februari 2011, na AFRINIC tangu Januari 2020 wako kwenye awamu ya pili ya kubana matumizi, ambapo ombi moja linapata kuanzia /24 (anwani 256) hadi /22 (anwani 1,024), zaidi ya hapo hakuna. Zishike hizo namba mbili, tutazihitaji chini.

Makaratasi

Cheti cha usajili wa kampuni (BRELA kwa Tanzania), TIN, leseni ya TCRA kama unauza huduma, wa Kenya leseni ya CA (mamlaka ya mawasiliano), kitambulisho cha atakayesaini mkataba, na ushahidi kwamba mtandao upo au unajengwa kweli: invoisi za ruta na swichi, mkataba au barua ya ISP anayekupa intaneti, mchoro wa mtandao. Jina liwe lile lile kila mahali. Kama cheti kinasema "Limited" na invoisi ya vifaa imetoka kwa jina la mkurugenzi, utaulizwa, kwa hiyo liweke sawa mapema.

Fomu

Unafungua akaunti kwenye lango la wanachama wapya kwenye tovuti ya AFRINIC, tumia imeili ya kampuni sio ya kwako binafsi, maana siku ukiacha kazi wenzako watahangaika kuingia. Utachagua kundi: LIR ni yule anayegawia wateja wake anwani, yaani ISP. Mtumiaji wa mwisho ni benki, chuo, hospitali, anayetumia ndani kwake tu. Usichague la pili kisa ada wakati unauza intaneti, leseni uliyoambatanisha itakuumbua. Omba na namba ya ASN (namba ya kuutambulisha mtandao wako kwenye BGP) humo humo, ukionyesha majina ya watoa huduma wawili utakaounganishwa nao. Lipo pia suala kwamba AFRINIC wamepitia kesi nyingi mahakamani Morisi, mpaka mwaka 2023 mahakama ikawateulia msimamizi, kwa hiyo kabla hujaanza soma matangazo kwenye tovuti yao ujue maombi yanashughulikiwaje kwa wakati huo.

Sasa mpango wenyewe

Nachukua mfano wa kampuni ndogo. Wateja wa biashara wenye IP tuli 70, mwaka ujao wanategemea 110. Wateja wa majumbani 1,500. Seva (DNS, imeili, tovuti, ufuatiliaji) 11, zitafika 18. Wateja watatu wakubwa wanaotaka kila mmoja kibloku chake. Ruta 8. Viunganishi vya mnara kwa mnara 4. Bloku nitakayoandikia ni 203.0.113.0/24, hiyo imetengwa kwa ajili ya mifano tu, usije ukaiweka kwenye ruta.

Ukigawa kizamani, kila sabneti saizi moja, lazima wote wapewe saizi ya yule mkubwa kuliko wote. Mkubwa hapa anataka anwani 128. Hesabu sabneti: biashara 1, majumbani 1, seva 1, wateja wakubwa 3, ruta 1, viunganishi 4, jumla 11. Mara 128 unapata 1,408. Yaani kampuni ya minara michache imeshapita hata ile /22 ya juu kabisa, na kile kiunganishi cha mnara chenye ncha mbili kimekalia anwani 128! Ukipeleka mpango wa hivyo ujiandae kwa maswali. Ndiyo maana tunatumia maski (namba inayoonyesha saizi ya sabneti) za urefu tofauti, kila sabneti inapata saizi inayoitosha, na mahitaji yote hayo yanaingia ndani ya /24 moja na chenji inabaki.

Namna ya kupata saizi: chukua idadi ya vifaa ya mwaka ujao, ongeza getiwei (ruta ya kutokea), ongeza 2 (ya mtandao na ya brodikasti), halafu panda mpaka kwenye namba ya karibu kati ya 4, 8, 16, 32, 64, 128. Biashara: 110 na 1 na 2 ni 113, unapanda mpaka 128, hiyo ni /25. Seva: 18 na 1 na 2 ni 21, unapanda 32, hiyo ni /27. Ukisema uangalie seva za leo tu, 11, ungepata 14 na ungebana kwenye /28, halafu miezi sita mbele unaanza kuhamisha seva usiku. Wakati huo huo usipandishe ovyo, mwaka mmoja inatosha, hakuna atakayekuamini ukisema wateja 70 watakuwa 900.

Majumbani usiwape IP za nje mmoja mmoja, huna hizo. Ndani watumie 100.64.0.0/10, ile iliyotengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012, halafu watoke nje kwa kushirikiana IP chache, hiyo ndiyo NAT. Hesabu yake waonyeshe: IP moja ina poti (milango ya mawasiliano) 65,536, toa 1,024 za mwanzo zinabaki 64,512, kila mteja mpe 1,000, unapata wateja 64 kwa IP moja. 1,500 gawa kwa 64 ni kama 23 na kitu, sema 24. Panda mpaka 32, /27 nyingine, na kwenye bwawa la NAT unazitumia zote 32, ile ya kwanza na ya mwisho hazipotei, kwa hiyo una nafasi hadi wateja 2,048. Mstari huu mmoja unamaliza maswali mengi sana.

Sasa kugawa. Anza na kubwa, shuka kwenda ndogo, kama fundi cherehani anavyokata mgongo na mbele kabla hajafikiria kola. Sababu ni kwamba sabneti haianzii popote unapopenda, /25 lazima ianzie .0 au .128, /27 kwenye namba zinazogawanyika kwa 32, /29 kwa 8, /30 kwa 4. Ukianza kuweka kile kiunganishi kidogo pale .0, /25 yako imeshafukuzwa mpaka .128, na wengine wote sasa wanabanana kwenye nusu ya kwanza wanapangwa kwa viraka.

Wateja wa biashara: 203.0.113.0/25, yaani .0 hadi .127, maski 255.255.255.128
Bwawa la NAT la majumbani: 203.0.113.128/27, .128 hadi .159, maski 255.255.255.224
Seva: 203.0.113.160/27, .160 hadi .191
Wateja wakubwa watatu: 203.0.113.192/29, .200/29 na .208/29, maski 255.255.255.248
Anwani za utambulisho za ruta 8: 203.0.113.216/29, kila ruta inachukua /32 moja, zote 8 zinatumika
Viunganishi vinne: .224/30, .228/30, .232/30, .236/30, maski 255.255.255.252
Akiba: 203.0.113.240/28

Jumlisha: 128, 32, 32, 24, 8, 16, unapata 240 kati ya 256. Kama ruta zako zinakubali /31 kwenye viunganishi (nyingi za siku hizi zinakubali, kanuni yake ipo tangu mwaka 2000) vile vinne vinakula 8 badala ya 16. Kabla ya kutuma pitia kila mstari uangalie mwisho wa huu haujapanda juu ya mwanzo wa unaofuata. Kuingiliana ndiko kunawaangusha wengi, na kunaonekana kwa macho tu ukiandika mwanzo na mwisho wa kila kipande badala ya kuandika /27 ukaiacha hapo.

Kwenye fomu weka jedwali hilo likiwa na safu ya idadi ya leo, ya miezi sita na ya mwaka. Vitu vya ndani kama kamera, printa, na mlango wa kusimamia swichi andika vinatumia anwani binafsi (10.0.0.0/8 na wenzake), inaonyesha hujaomba IP za nje kwa ajili ya printa.

Na IPv6 (anwani za mfumo mpya) omba hapo hapo, usiseme baadaye. LIR anaanzia /32, na mtumiaji wa mwisho /48. Kwenye /32 kuna /48 zipatazo 65,536, kwa hiyo yale mambo ya kubana hayapo, kila mnara upe fungu lake, mteja wa biashara /48, nyumba /56, kila LAN (mtandao wa ndani) /64 basi, usianze kukata /64 vipande ukadhani bado uko kwenye IPv4.

Baada ya kutuma

Ombi linapata namba ya tiketi na mawasiliano yote yanakwenda kwa imeili, jibu ndani ya tiketi ile ile usifungue mpya. Watauliza vitu kama huyu mteja anayetaka /29 anaitumia kwa nini, ruta hii uliyoitaja invoisi yake iko wapi. Jibu kwa namba. Ukijibu "tunapanuka kwa kasi" watauliza tena. Ukikaa kimya muda mrefu tiketi inafungwa unaanza upya.

Wakiridhika wanakuletea invoisi na mkataba wa huduma za usajili. Ada inategemea kundi na ukubwa wa bloku, viwango viko kwenye tovuti yao, ni kwa dola. Ukituma kwa benki mwambie mhudumu makato yote yawe upande wako, maana benki za katikati zikimega dola ishirini invoisi inaonekana haijalipwa kamili na unaanza kuzungushana nao kwa hela ndogo tu.

Ukishapewa bado hujamaliza. Ingia kwenye akaunti ya mwanachama, andikisha vile vipande ulivyowagawia wateja, tengeneza ROA ya RPKI (cheti cha kidijitali kinachosema ni ASN gani inaruhusiwa kutangaza bloku yako) ikitaja ASN yako na urefu wa juu uwe 24 sio 32, weka na rekodi ya njia kwenye hifadhidata yao, halafu DNS ya kinyume (inayotoa jina kutoka kwenye IP) kwa ajili ya seva ya imeili, bila hiyo barua pepe zako zitaishia kwenye spamu. Watumie watoa huduma wako wote wawili prifiksi (bloku yako) na ASN wafungue vichujio vyao, tangaza, kisha angalia kutoka nje kwa ruta za umma kama /24 inaonekana na ROA inasoma ni halali.

Hamisha seva kwanza, majumbani wafuate usiku, wao hata hawatajua. Wateja wa biashara wape taarifa wiki mbili kabla kwa maandishi, wengi wao IP ya zamani imeandikwa kwenye VPN ya makao makuu au kwenye faiawoli ya benki yao, na kuibadilisha huko kunahitaji barua na saini za watu ambao hawapokei simu wikendi.