Namna ya Kupima Athari za Jeraha la Utotoni katika Dendraiti za Ubongo wa Panya

Hatua ya 1: Chagua siku ya jeraha. Gamba la mbele la ubongo likiondolewa panya akiwa na umri wa siku 1, hukua akiwa na dendraiti (matawi ya seli za neva yanayopokea ishara) zilizofifia na mwenendo ulioharibika vibaya. Likiondolewa kati ya siku ya 7 na ya 10, dendraiti za maeneo yaliyobaki hutanuka na mnyama hurudisha sehemu kubwa ya uwezo wake. Bryan Kolb na wenzake wa Lethbridge, Kanada, walilionyesha hilo mara nyingi, wakaitia dosari imani iliyotokana na majaribio ya Margaret Kennard kwa nyani katika miaka ya 1930, kwamba kadiri mnyama anavyojeruhiwa mapema ndivyo anavyopona vizuri zaidi. Katika siku za kwanza niuroni, yaani seli za neva, bado zinahamia kwenye tabaka zake, ilhali siku chache baadaye astrosaiti (seli zinazosaidia niuroni) na sinapsi (maungano kati ya niuroni) zinaundwa kwa kasi. Kwa hiyo andika umri kwa siku. Neno “kichanga” pekee halitoshi.

Hatua ya 2: Gawa watoto wa kila mama katika makundi yote mawili, la jeraha na la ulinganisho, baada ya kupata kibali cha kamati ya maadili. Kundi la ulinganisho lipewe nusukaputi ileile na kuchanwa ngozi tu. Washike wote kwa kiasi kilekile, kwa sababu hata kumpapasa mtoto wa panya kwa brashi laini kila siku hubadilisha dendraiti zake.

Hatua ya 3: Wakishakomaa, loweka ubongo gizani kwa siku 14 katika mchanganyiko wa Golgi-Cox, unaotia niuroni rangi, uuhamishie kwenye maji ya sukari ya asilimia 30, kisha ukate vipande vya mikromita 200. Kloraidi ya zebaki iliyomo ni sumu: vaa glavu, na usiimwage kwenye sinki.

Hatua ya 4: Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mtu mwingine afunike majina ya makundi kwa namba kabla hujakaa kwenye hadubini. Rangi hushika niuroni chache tu, nazo huonekana nyeusi kama mti wenye mizizi; chagua zile ambazo matawi yake hayajakatwa wala kufichwa na mshipa wa damu. Chora kila niuroni, weka juu yake duara zenye kitovu kimoja, zilizoachana kwa mikromita 20, halafu hesabu matawi yanayokatiza kila duara, kama mtafiti Sholl alivyoeleza mwaka 1953. Matawi ya chini na ya kileleni yahesabiwe mbalimbali, kwani huenda yasibadilike kwa pamoja. Vichomozo vidogo vinavyobeba sinapsi huhesabiwa kwa ukuzaji wa mara 1000. Vilivyojificha nyuma ya tawi hutaviona, hivyo idadi hiyo hufaa kwa kulinganisha tu.

Hatua ya 5: Tafuta wastani wa kila panya, na huo ndio uingie kwenye takwimu. Niuroni 50 za panya watano ni panya watano, si vipimo 50 huru, na kosa la kuzihesabu kama 50 nimelikuta mara nyingi kuliko nipendavyo. Pima pia uzito wa ubongo na unene wa gamba, kwa kuwa dendraiti zinaweza kutanuka ndani ya ubongo uliobaki mdogo, kisha uweke vipimo hivyo kando ya matokeo ya mwenendo ya mnyama yuleyule.