Viza ya kazi inapigwa chini kwa vitu vidogo, kagua haya kabla hujatuma maombi

Nina steshenari yangu Magomeni, kazi zangu ni kutoa kopi, kuskani, kupiga paspoti saizi na kujazia watu fomu za onlaini. Zamani zilikuwa za mikopo ya chuo na Ajira Portal, siku hizi haipiti wiki hajaja mtu na mambo ya viza ya kazi, huyu Dubai, huyu Qatar, mwingine Uingereza, mwingine kasikia Kanada. Kwahiyo barua za kukataliwa nimezisoma nyingi mno, na moja ni yangu mwenyewe, ntaisimulia huko chini. Nilichogundua ni kwamba afisa anayeamua hakujui, hajawahi kukuona, hajui kama kazi unaiweza au huiwezi. Anaona karatasi tu, na karatasi zako zikiwa zinagombana zenyewe kwa zenyewe yeye hana muda wa kuzisuluhisha, anakataa anafungua faili la mwingine.

Ugomvi unaoongoza ni wa majina na huu ni wa kwetu kabisa. Kuna dada alikuja, kapata kazi ya kusafisha vyumba hoteli moja Doha, anataka nimjazie fomu ya pasipoti. Kamwaga bahasha ya kaki juu ya meza. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema Mwanahawa, cheti cha form four Mwanaawa, kitambulisho cha taifa cha NIDA wamepatia Mwanahawa ila jina la baba huku Ally kule Ali, na leaving ya shule ya msingi imemzaa mwaka mmoja nyuma. Yeye haoni shida, mtaa mzima unajua ni yeye. Mtu wa Doha hapo anaona wanawake watatu.

Kwahiyo kabla ya chochote tandika karatasi zote mezani, soma herufi kwa herufi na tarehe kwa tarehe, usisome kwa mazoea maana jina lako mwenyewe macho yanalirukaga. Anza kunyoosha cheti cha kuzaliwa na NIDA kwanza, maana pasipoti inafuata taarifa za huko, ukikimbilia pasipoti na kosa lake umelipa 150,000 kununua kosa hilo hilo kwa miaka 10. Kama cheti cha shule hakirekebishiki, nenda kwa wakili akuandalie hati ya jina, ile watu wanaita didipoli, afu ikasajiliwe kwa Msajili wa Hati pale wizara ya ardhi. Wapo wanaoridhika na kiapo cha wakili tu kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, uliza ubalozi unaoombea wanataka ipi. Karatasi za Kiswahili, mfano cheti cha ndoa, peleka BAKITA wakutafsirie wagonge muhuri, usitafsiri mwenyewe nyumbani.

Na tafadhali usimwambie kijana wa steshenari akurekebishie herufi kwenye kompyuta. Mimi naombwa hiyo kazi mara nyingi tu, nakataa, ila najua jirani zangu wapo wasiokataa. Kanada wakikubaini umedanganya wanakufungia miaka 5, Uingereza inaweza kwenda mpaka 10. Miaka 10 kwa ajili ya herufi h!

Haya, hela. Hapa ndo nilipoliwa mimi. Mwaka 2018 niliomba viza ya kazi ya ghala nchi moja ya Ulaya, wakataka kuona benki stetimenti. Akaunti yangu ilikuwa inapumua kwa laki mbili, laki na nusu, hela zangu zote zilikuwa zinazunguka kwenye simu. Mjomba wangu wa Tabata akaniazima milioni 8, ikaingia Jumanne, Ijumaa nikaprinti stetimenti nikajiona tajiri. Barua ikarudi, hawajaridhika kwamba hizo hela ni zangu, na ukweli hazikuwa zangu, mjomba alishazidai hata kabla barua haijafika. Hela ya kuazima inajulikana kwa kuiangalia tu, miezi mitano kimya afu ghafla mlima.

Kama unajua mwakani unataka kuomba, anza leo kupitisha kipato chako benki hata kama unauza genge, elfu hamsini hamsini zikiwa zinaingia na kutoka zina heshima kuliko milioni 8 ya siku tatu. Kama kweli umepata hela kubwa kwa mpigo, labda umeuza kiwanja Chanika, ambatanisha mkataba wa mauzo wenye muhuri wa serikali ya mtaa na kabarua kafupi ka maelezo, usimwachie afisa abuni mwenyewe. Kwa viza ya Skilled Worker ya Uingereza, yaani ya wafanyakazi wenye ujuzi, wao wameandika kabisa, paundi 1,270 zikae siku 28 mfululizo zisishuke hata siku moja, isipokuwa mwajiri awe amethibitisha kwamba yeye ndo atakubeba mwanzoni. Siku 27 haihesabiki, na nimeshaona mtu katoa hela ya kodi ya nyumba katikati hapo akarudi kuanza kuhesabu moja.

CV nayo. Umeandika dereva kuanzia 2019, barua ya bosi inasema 2020, ukiprinti michango ya NSSF inaanza 2021. Tayari ugomvi. Linganisha hizo tatu kabla wao hawajalinganisha, na kama mwajiri alichelewa kukuandikisha NSSF basi barua yake iseme hivyo. Barua ya uzoefu iwe na cheo, tarehe, kazi ulizokuwa unafanya na namba ya simu inayopokelewa, na umwambie mtu wa mapokezi, dada eh, nikiulizwa na namba ya nje usiseme simjui. Wengine wanapiga kweli.

Sasa kuna kukataliwa ambako wala sio kosa la faili lako, ni kazi yenyewe haipo. Vishoka wamejaa na wana maneno matamu. Uingereza walifunga kuajiri wahudumu wa wazee kutoka nje tangu tarehe 22 Julai 2025, lakini mpaka leo kuna watu hapa mjini wanauziwa mchongo wa kulea wazee London. Kiwango cha kawaida cha mshahara kwa Skilled Worker nacho kilipandishwa siku hiyo hiyo kikawa paundi 41,700 kwa mwaka. Zipo kazi zenye viwango vya chini yake, za afya na ualimu kwa mfano, ila ofa ya kupanga bidhaa supamaketi kwa paundi elfu ishirini na kitu haina pa kupita. Serikali yao inatoa orodha ya waajiri wote wenye leseni ya kuleta wageni, ipo bure mtandaoni, tafuta jina la kampuni humo, na kama jina lipo itafute kampuni yenyewe kwa namba uliyoitoa kwenye tovuti yao, sio aliyokupa dalali. Cheti cha udhamini anachokutolea mwajiri kinaisha baada ya miezi 3, usije ukakikalia ukisubiri mtihani wa Kiingereza.

Kanada kwa kazi nyingi mwajiri anatakiwa apate kibali kinaitwa LMIA, anakilipia dola 1,000 za kwao na sheria yao inamkataza kukurudishia wewe hiyo gharama. Kwahiyo jamaa wa Sinza anayekwambia leta milioni nne ya LMIA ameshakujibu mwenyewe. Ujerumani kabla hujasumbuka kaangalie kama chuo chako kipo kwenye anabin, hifadhidata yao ya vyuo na shahada za nje, wengi wanakwama hapo, shahada ipo ila haijatambuliwa. Dubai usikubali ile ya nenda na viza ya matembezi utabadilishia huko huko uku unafanya kazi, ni kosa, tangu 2024 mwajiri anayekamatwa na mfanyakazi asiye na kibali faini yake inaanzia dirham laki moja, afu unafikiri atakutetea? Ajenti wa hapa nyumbani muulize leseni ya wakala wa ajira, akianza kuzunguka, kunywa soda yako uondoke.

Vipimo vya afya watu wanaviacha mwisho wakati vinaweza kuzima safari nzima. Nchi za Ghuba wanaangalia kifua, homa ya ini, VVU na ujauzito, hata kovu la TB ya zamani uliyopona linaweza kukuangusha kwenye picha ya eksrei. Kapime kimyakimya kwa hela yako kwanza kabla hujampa ajenti hata shilingi. Uingereza ukienda zaidi ya miezi 6 wanataka cheti cha TB kutoka kliniki waliyoikubali wao, hapa Dar ni ya IOM, lile shirika la kimataifa la uhamiaji, cha hospitali nyingine hata iwe kubwa vipi hawakitaki, na kinadumu miezi 6 tu.

Kwenye intavyuu kuna jibu moja linaua, "naenda kufanya kazi yoyote tu." Sisi huku linaonekana ni unyenyekevu, kule linaonekana hujui unakoenda. Jua jina la kampuni, mji, cheo, mshahara kabla na baada ya makato, utalala wapi, na nani anakupokea. Soma mkataba wako mpaka usinzie.

Swali la kwenye fomu kuhusu kama umewahi kunyimwa viza nchi yoyote, jibu ukweli. Najua linauma. Ila Uingereza, Marekani, Kanada, Australia na New Zealand wanapeana taarifa na alama za vidole, na kukataliwa zamani kunasameheka, kuficha ndo kunageuka udanganyifu. Mimi najaza ndiyo, mwaka, nchi, sababu, mistari miwili basi. Barua yenyewe usiichane, mi yangu niliichana kwa hasira na baadae nikaihitaji. Sababu walizoandika ndo orodha yako ya kurekebisha, ukituma tena faili lile lile wiki inayofuata utapata barua ile ile na ada haikusubiri. Ukiona wamekosea wao, angalia kama barua inakupa nafasi ya kuomba maamuzi yapitiwe upya, Uingereza ukiwa umeombea huku nje ni ndani ya siku 28.

Yule dada wa Doha alizunguka kama miezi miwili, RITA, NIDA, wakili, huku anambembeleza mwajiri amsubirie. Wiki iliyopita kaja na pasipoti nimtolee kopi. Kabla sijaiweka kwenye mashine akaichukua, akaweka kidole chini ya jina akawa anasoma kwa sauti, Mwanahawa, h ipo, Ally, l mbili na y, mpaka wateja wengine wakaanza kucheka.