Kumchanja mtawala ndui ukiwa mgeni: kazi ya Dimsdale, 1768

Kwanza njia ya kutorokea, mkoba wa dawa baadaye. Thomas Dimsdale, daktari wa Hertford, Uingereza, alipokwenda St Petersburg kumchanja Catherine II, malkia wa Urusi, malkia huyo mwenyewe aliamuru farasi wa zamu wawekwe njiani ili mgeni awahi kuondoka mambo yakiharibika. Mtawala akifia mikononi mwa mgeni, nani atasikiliza maelezo?

Pili, mkalimani. Dimsdale alimpata Baron Cherkasov, aliyesoma Cambridge. Mkalimani asiyejua tiba atakuponza.

Kisha fanya majaribio kwa watu wengine, hata mgonjwa akiwa na haraka. Hapa pana mtego: aliyewahi kuugua ndui hapati tena, kwa hiyo chanjo isiposhika si lazima kosa liwe lako. Uliza historia ya kila mmoja kabla ya kumgusa.

Mgonjwa aache nyama na pombe kwa siku tisa au kumi. Dimsdale alitoa pia kalomeli, dawa ya zebaki. Hiyo ilikuwa sumu tu, haikuzuia ndui.

Usaha wa kuchanjia hutoka kwa mtu mwenye ndui nyepesi. Usiku wa Oktoba, mtoto Aleksandr Markov aliingizwa ikulu kwa siri. Kumpata mtoto ilikuwa kazi, maana watu waliamini anayetoa usaha atakufa. Catherine alivunja imani hiyo kwa kuruhusu usaha wake mwenyewe uchanje wengine.

Lowesha ncha ya kisu kidogo kwa usaha mbichi. Kwaruza mkono wa juu, urefu usizidi milimita 3, upite ngozi ya nje tu. Damu ikichuruzika, umezidisha kina. Usifunge kitambaa. Madaktari wa zamani walikata kwa kina, wakatia uzi wenye usaha na kufunga. Vidonda vikaoza, wagonjwa wakazidiwa.

Siku ya nne au ya tano pale pawasha na kuwa pagumu. Ya sita kwapa linauma. Ya saba au ya nane huja homa na kichwa kugonga, kisha vipele. Usimfungie mgonjwa chumba cha moto chini ya mablanketi. Atembee nje penye hewa baridi. Catherine alikwenda kupumzikia Tsarskoye Selo, ikulu yake nje ya mji.

Ila mtenge na wasiowahi kuugua. Hii si chanjo ya daktari Edward Jenner ya 1796, iliyotumia ndui ya ng'ombe. Ilikuwa ndui yenyewe, iliambukiza, na wachache walikufa.

Malipo yapatanwe mapema. Dimsdale alipata pauni 10,000, nyingine 2,000 za safari, pauni 500 kila mwaka maisha yake yote, na cheo cha baron. Mwaka 1781 aliitwa tena, safari hii kwa ajili ya wajukuu wa Catherine.