Somo: Kuokota msamiati wa Kihispania ndani ya Minecraft na Among Us

Kubadili lugha ya gemu peke yake hakumfundishi mtu lugha. Jicho likishazoea picha ya sururu halisomi tena jina lililoandikwa chini yake, na mtu anaweza kuchimba usiku kucha asitoke na neno hata moja. Neno hukaa pale unapolihitaji ili mwenzako akupe kitu, asogee, au asife. Hatua zote hapa chini zinalenga hilo. Mifano ni ya Kihispania, lakini njia yenyewe inafaa lugha yoyote yenye wachezaji mtandaoni.

Hatua ya 1: Chagua gemu inayokupa muda wa kuongea

Gemu za kufyatuliana risasi ziache kwanza. Mle ndani unapata amri fupi fupi tu, na ukisita kutafuta neno umeshakufa. Anza na Minecraft, gemu ya kuchimba vitu na kujenga, kwa mtindo wa kuishi na kujenga, watu 2 hadi 5. Baadaye nenda Among Us, inayochezwa na watu 4 hadi 15, ambamo wachezaji hukaa kikao kujadili na kupigia kura nani kati yao ni muuaji aliyejificha, kwa sababu kikao hicho hakiendi bila maneno.

Hatua ya 2: Weka lugha, tena iliyo sahihi

Kwenye Minecraft lugha hubadilishwa kwenye mipangilio. Utakuta Kihispania zaidi ya kimoja: cha Uhispania, Meksiko, Argentina, Chile na kadhalika. Chagua cha watu utakaocheza nao. Mhispania akiwaita wenzake atasema *venid*, Mmeksiko atasema *vengan*. Na kuna mtego mmoja mbaya: *coger* Uhispania ni kuchukua tu, ila Meksiko na Argentina ni tusi la ngono. Ukiwa na watu wa huko tumia *agarrar*.

Lugha uliyoiweka haimgusi mwingine. Kila mmoja huona majina ya vitu kwa lugha yake, na soga, yaani ujumbe mnaoandikiana ndani ya gemu, haitafsiriwi.

Kwenye toleo la Java, lile la kompyuta, washa pia manukuu ya sauti katika mipangilio ya muziki na sauti. Mlango ukifunguka au zombi akikaribia, maandishi hutokea pembeni mwa skrini yakiwa na mshale wa upande sauti inakotoka. Wengi hawaijui sehemu hii, nayo ni hazina, maana vitu vinakupa nomino tu ilhali manukuu yanakupa matendo.

Hatua ya 3: Maneno 12 kabla ya kuingia

Si 40. Ukibeba mengi hutapata nafasi ya kuyatumia. Mgawo mzuri ni nomino 5, vitenzi 5 na vifungu 2 vya kujiokoa:

- *la madera* mbao, *la piedra* jiwe, *el hierro* chuma, *la antorcha* mwenge, *la cama* kitanda
- *dame* nipe, *toma* shika, *ven* njoo, *espera* subiri, *mira* tazama
- *¿cómo se llama esto?* hiki kinaitwaje, na *no entendí, más despacio* sijaelewa, polepole

Nomino iandike na *el* au *la* yake tangu siku ya kwanza. Ukiiacha, utakuja kuirudia yote upya. Angalia *el hacha*, shoka: linabeba *el*, lakini ni la kike, kwa hiyo wingi wake ni *las hachas*, na shoka jipya ni *el hacha nueva*. Sababu ni ile *a* ya mwanzo yenye mkazo, ambayo haipendi kukaa nyuma ya *la*.

Msemaji wa Kiswahili ana faida hapa. *Pico de hierro* ni sururu ya chuma, neno kwa neno, kwa mpangilio uleule. Tena *de* haibadiliki kama ya, cha, la na wa zetu. Irabu nazo ni zilezile tano. Kinachokukwaza ni *ya voy*: maana yake ya juu juu ni nakwenda, lakini mwenzako akikuita, hilo ndilo jibu la “naja”.

Hatua ya 4: Sanduku la pamoja

Hii ndiyo hatua inayofundisha. Wekeni vitu vyote katika sanduku moja na mlinzi mmoja. Hakuna anayejichukulia. Unayetaka kitu unaomba kwa sentensi, ukitaja idadi, na mlinzi hatoi mpaka umesema:

—*¿Tienes carbón?*
—*Sí, ¿cuánto quieres?*
—*Dame diez, por favor.*
—*Toma.*

Mistari minne tu, lakini umetumia kitenzi, umetaja idadi na umepata ulichotaka. Kila neno kati ya yale 12 litumie angalau mara 3 katika sentensi. Badilisheni mlinzi kila dakika 20, kwa sababu mlinzi husikia mengi kuliko anavyosema. Dakika 60 hadi 90 zinatosha. Zaidi ya hapo watu huchoka na kurudi kwenye lugha waliyoizoea.

Anza kwa kuandika kabla ya sauti. Kwenye Java kitufe T kinafungua soga, na mshale wa juu unakurudishia ujumbe uliopita uurekebishe. Ukikosolewa, andika upya sentensi nzima. Usijibu “sawa” tu.

Hatua ya 5: Vuna siku hiyohiyo

Minecraft ya Java huhifadhi mazungumzo. Fungua folda ya .minecraft, kisha logs, kisha faili la latest.log, mistari ya soga ina alama ya CHAT. Ukiwasha gemu tena faili jipya huanza, na lile la zamani hubanwa na kupewa jina la tarehe, kwa hiyo fanya kazi hii kabla hujalala. Maneno ya sauti hayaingii humo, yaandike kwenye karatasi.

Chagua vifungu 5 hadi 8, basi. Vifupisho vifungue kwanza: *tmb* ni *también*, *xfa* ni *por favor*, *ntp* ni *no te preocupes*, yaani usijali. *Xq* huwa *porque* au *por qué*, kutegemea kama ni jibu au swali.

Hatua ya 6: Kadi

Tumia Anki, programu ya kadi za kukumbuka maneno kwa kurudia. Mbele weka hali kwa Kiswahili, kwa mfano “mwenzako yuko mbele, mwambie akusubiri”, na nyuma sentensi nzima. Kadi ya neno moja hukufundisha kutambua, si kusema. Anki huja na kadi mpya 20 kwa siku. Zishushe hadi 8, la sivyo marudio yatakufukia ndani ya wiki chache. Kadi ikikushinda mara 8 programu huitia alama ya kadi sugu, na kwa mipangilio mingine huisimamisha. Usiilazimishe, ibadilishe sentensi.

Hatua ya 7: Among Us, baada ya wiki nne hivi

Hapa unajifunza wakati uliopita. *¿Dónde estabas?* Ulikuwa wapi? *Estaba en la cafetería. Vi a Rojo cerca del cuerpo.* *Estaba* ni hali iliyokuwa ikiendelea, *vi* ni tendo lililokwisha, na ile *a* kabla ya Rojo ni kwa sababu aliyeonwa ni mtu. Mwenye chumba aongeze muda wa majadiliano na wa kura. Ukiachwa mfupi, wanafunzi wote wataandika jina la rangi na kunyamaza.

Maswali ya wanachama

Swali: Naandika polepole, wananifukuza. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu, seva za wazi, zile anazoingia yeyote, hazina subira. Tafuta chumba cha faragha cha watu wachache, na ukiingia sema *estoy aprendiendo español*. Anayetukana mzime sauti. Jina kamili, simu na shule unayosoma usimpe mtu.

Swali: *Farmear*, *lootear*, *manco*: niyatengenezee kadi?

Jibu: Yatambue, usiyatoe nje ya gemu. Mawili ya kwanza, kukusanya mali na kuokota nyara, ni Kiingereza kilichovishwa *-ear*. *Manco* ni mtu aliyepoteza mkono. Wachezaji humwita hivyo asiyejua kucheza, na ni dharau.

Swali: Mwalimu, gemu ya Final Fantasy XIV ina kamusi inayojitafsiri yenyewe. Inasaidia?

Jibu: Inasaidia kucheza, haisaidii kujifunza. Ukichagua kifungu humo, kila mmoja hukiona kwa lugha yake, kwa hiyo wewe hulioni neno alilolisoma mwenzako. Liandike mwenyewe herufi kwa herufi.

Swali: Sauti inakatika sana, nasikia nusu ya maneno.

Jibu: Mara nyingi seva iko mbali au laini imebanwa. Chagua seva ya kanda iliyo karibu zaidi kati ya zinazozungumza lugha unayoitaka, zima upakuaji mwingine, na tumia kitufe cha kubonyeza ndipo uongee. Ikiendelea kukatika, rudini kwenye soga ya maandishi siku hiyo. Neno lililosikika nusu huingia kichwani likiwa nusu, na kulisahihisha baadaye ni kazi mara mbili.