Kusoma China ukitokea Mtwara au Lindi: jina, karatasi, simu na siku 30 za mwanzo

Kabla ya kujaza fomu ya chuo chochote, viweke mezani cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha sita, kisha soma jina lako herufi kwa herufi. Huku kwetu ni kawaida mtoto aandikishwe shule kwa jina la Hamisi, cheti cha kuzaliwa cha RITA kisome Hamis, na jina la babu lionekane kwenye karatasi moja tu. Nyumbani tofauti hiyo haimsumbui mtu. China itakusumbua kila hatua, kwa sababu jina la pasipoti ndilo linaloingia kwenye barua ya udahili, viza, kibali cha ukaazi, akaunti ya benki na tiketi ya treni. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Jina likiwa limebadilika kabisa, inatakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Maliza jambo hili kabla ya kuomba pasipoti Uhamiaji. Ukilichelewesha, utakuwa unarekebisha karatasi tano badala ya moja.

Ufadhili wa Serikali ya China una njia mbili: kupitia Wizara ya Elimu na ubalozi, au kuomba chuoni moja kwa moja. Kwa masomo yanayoanza Septemba, maombi mengi hufungwa kati ya Februari na Aprili. Posho ya ufadhili kamili ni yuan 2,500 kwa mwezi kwa shahada ya kwanza, 3,000 kwa uzamili na 3,500 kwa uzamivu. Anayejisajili chuoni baada ya tarehe 15 hupata nusu ya posho ya mwezi huo, na malipo ya kwanza huweza kuchelewa, kwa hiyo beba fedha ya kula ya miezi miwili. Kama anayelipa ni mzazi au mjomba, ulizia Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwanza kama chuo hicho kinatambulika, ndipo ada itumwe. Kwa udaktari wa binadamu kuwa mkali zaidi: China ina orodha ya vyuo vilivyoruhusiwa kufundisha udaktari kwa Kiingereza kwa wageni, na wakala anayekusukuma kwenye chuo kisichomo humo mkatae, hata kama ada yake ni nafuu.

Fomu ya afya ya mgeni ndiyo inayorudishwa sana. Inahitaji eksirei ya kifua, kipimo cha umeme wa moyo na vipimo vya damu vikiwemo VVU na kaswende. Hospitali ya Ligula, ya Sokoine pale Lindi au ile ya Kanda ya Kusini Mitengo ndizo pa kuanzia kuulizia, usiende zahanati. Kabla hujatoka dirishani, hakikisha muhuri wa hospitali umepanda juu ya picha yako, daktari amesaini, na hakuna kisanduku kilichoachwa wazi. Matokeo yanadumu miezi 6 tu. Ukipima Januari kwa safari ya Septemba, utapima tena.

Viza huombwa Dar es Salaam, kilomita zipatazo 560 kutoka Mtwara mjini na 450 kutoka Lindi, kwa hiyo nenda na kila kitu kwa mkupuo mmoja: pasipoti, barua ya udahili halisi, fomu ya viza ya masomo, JW201 (mwenye ufadhili wa serikali) au JW202 (anayejilipia), picha na fomu ya mtandaoni iliyochapwa. Nakala tupu ya barua ya udahili haikutoshi. Wakati wa masika usipange kufika siku ileile ya miadi. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara eneo la Somanga na wasafiri wakakwama. Masomo ya zaidi ya siku 180 yanataka viza ya X1, ya muda mfupi zaidi X2. Ukipewa isiyo sahihi, sema pale pale.

Sasa simu, na hapa wengi huumia bila sababu. WhatsApp, Google, Gmail, YouTube na Facebook hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya China. Mama aliyezoea kukuona kila jioni kwenye WhatsApp atakaa wiki nzima hajui ulipo, na hofu hiyo inazuilika kwa saa moja ya maandalizi. Pakua WeChat, programu ya ujumbe na simu inayotumika China, kwenye simu yako na ya mzazi mkiwa bado nyumbani. Usajili mpya mara nyingi hudai mtu mwenye akaunti ya zamani akupitishe kwa kuskani msimbo, na mtu huyo ni rahisi kumpata Mtwara kuliko uwanja wa ndege wa Guangzhou. Chuoni toa barua pepe ya Outlook, maana ujumbe wa usajili ukienda Gmail hutausoma.

Malipo karibu yote ni kwa simu. Weka Alipay, programu ya malipo ya China, piga picha ya pasipoti, unganisha kadi ya Visa au Mastercard. Malipo yanayozidi yuan 200 kwa kadi ya nje hukatwa asilimia 3. Benki yako itatuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya Tanzania, kwa hiyo omba laini ifunguliwe kutumika nje ya nchi ukiwa hapa, na uiwekee salio. Laini ikizimika, kadi inakuwa plastiki. Ukishafungua akaunti ya benki ya China, jaza jina kwenye Alipay kama benki ilivyoliandika, nafasi kati ya majina nazo zikihesabiwa.

Mzigoni, korosho zilizobanguliwa, kukaangwa na kufungwa vizuri ndizo za kubeba. Nyama, maembe na mbegu za kupanda hazivuki forodha. Koti zito nunua huko huko, lakini jua unakoenda: Harbin baridi hushuka chini ya nyuzi 20 hasi, ila majengo hupashwa joto. Wuhan au Nanjing, zilizo kusini mwa mstari ambako majengo hayapashwi joto kwa mfumo wa pamoja, chumba kinaweza kukutesa zaidi kuliko barabara. Pawabenki iingie kwenye mkoba wa mkononi. Tangu 28 Juni 2025, ndege za ndani ya China zinakataa isiyo na alama ya usalama ya China iitwayo 3C, na nyingi tunazonunua madukani kwetu hazina.

Ukifika, polisi wanapaswa kuwa na anwani yako ndani ya saa 24. Bweni la chuo kwa kawaida hukusajili. Ukilala kwa rafiki aliyepanga, nenda naye kituoni, kwani faini hufika yuan 2,000. Viza ya X1 inakupa siku 30 tu za kuomba kibali cha ukaazi. Anza wiki ya kwanza, kwa sababu ukaguzi wa afya unachukua siku kadhaa na pasipoti yenyewe hukaa ofisini hadi siku 15 za kazi. Chukua risiti yake, ndiyo kitambulisho chako wakati huo. Kibali cha chini ya mwaka ni yuan 400, cha mwaka mmoja hadi chini ya mitatu ni 800. Kupitisha muda ni yuan 500 kwa siku, hadi 10,000. Kazi ya nje ya chuo bila ruhusa ya chuo na ya polisi wa uhamiaji ni faini ya kuanzia yuan 5,000, na unaweza kuwekwa ndani.

Kwa safari za likizo tumia 12306, programu ya kukata tiketi za treni. Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla, na kipindi cha Mwaka Mpya wa Kichina huisha upesi mno. Pasipoti ndiyo tiketi, hivyo usiiache bwenini. Saa zao ziko tano mbele ya zetu na huandikwa kwa mtindo wa 24: treni ya 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi, na geti hufungwa dakika chache kabla. Kibali cha ukaazi nacho kiombewe upya siku 30 kabla hakijaisha, hata kama muda huo unaangukia katikati ya likizo.