Jinsi ya kuchagua kasha la kumpelekea paka kwa daktari

Paka wengi jijini Nairobi hufikishwa kwa daktari wa wanyama wakiwa ndani ya chochote kilichopatikana asubuhi hiyo: katoni ya mafuta ya kupikia iliyotobolewa matundu, mkoba wa shule, kiondo kilichofungwa kwa leso, au gunia. Mwenye paka huwa hana nia mbaya. Mara nyingi hajapata wa kumweleza kwamba chombo cha safari huathiri hata majibu ya vipimo atakayopewa. Katoni ikilowa mkojo, kitako chake hulegea na kuachia, na paka aliyeponyoka kando ya Waiyaki Way haitiki tena jina lake, kwa maana hofu humkimbiza hadi uvunguni mwa gari au ndani ya mtaro. Gunia ni baya zaidi, kwa sababu humbana na kumpandisha joto, na paka hatoki jasho mwilini kama binadamu ila kidogo tu nyayoni.

Unapoingia dukani, kabla ya kuuliza bei, angalia kasha linafunguka vipi. Kasha lenye mlango mmoja wa mbele humlazimu daktari kuingiza mkono na kumvuta paka, au kuliinamisha mpaka aporomoke mezani, na paka mwenye woga hujikita katika kona ya nyuma na kutia kucha kila penye upenyo. Akishatolewa kwa nguvu namna hiyo, moyo unamwenda mbio, joto la mwili limepanda, na hata sukari katika damu yake huweza kupanda kwa sababu ya woga peke yake. Daktari hubaki akijiuliza kama anachokiona ni ugonjwa au ni safari, na huenda ukalipia kipimo cha pili ambacho kisingehitajika.

Kwa hiyo, kasha ninalolipendekeza kuliko yote ni lile la plastiki ngumu lililoundwa kwa nusu mbili, ambapo nusu ya juu huinuliwa yote kwa kufungua vibanio vya pembeni. Nusu hiyo ikiondolewa, paka hubaki amelala katika nusu ya chini, juu ya kitambaa chake chenye harufu ya nyumbani, na hapo hapo daktari anaweza kumsikiliza moyo, kumpapasa tumbo na kumdunga chanjo ya kichaa cha mbwa bila kumhamisha. Epuka yale yaliyokazwa kwa skrubu, kwa kuwa kuzifungua moja moja huchukua muda na kelele zake humzidishia mnyama hofu. Likiwa na mlango wa pili juu ni heri zaidi, maana kumshusha paka mkaidi kwa kutanguliza miguu ya nyuma ni rahisi kuliko kumsukuma kichwa mbele.

Ukubwa hupimwa kwa utepe wa fundi cherehani. Mpime paka wako akiwa amesimama, kutoka ncha ya pua hadi shina la mkia, kisha kutoka sakafuni hadi utosini, na uchague kasha linalozidi vipimo hivyo kidogo, ili aweze kusimama, kugeuka na kujikunja. Kwa paka wa kawaida wa kilo 4 hivi, kasha lenye urefu wa karibu sentimita 50, na upana na kimo cha sentimita 30, kwa kawaida hutosha. Dume kubwa lililohasiwa na kunenepa litahitaji zaidi. Wanunuzi wengi hudhani kwamba kubwa mno ni hisani kwa mnyama, ilhali ndani ya kasha pana paka huteleza huku na huku kila gari linapovuka tuta. Ikiwa bado ni mtoto, nunua la ukubwa wa utu uzima wake na ulijaze taulo kwa sasa. Paka wawili wapewe makasha mawili, hata kama nyumbani hulala pamoja, kwani wakishikwa na hofu mahali pembamba huweza kugeukiana.

Uimara usiupime kwa macho. Nenda na pakiti mbili za unga za kilo 2, uzilaze ndani, ufunge, kisha uinue kasha kwa mpini wake na kulitikisa taratibu juu ya kaunta. Tazama kitako: kikipinda katikati, kitapinda zaidi paka akihama upande. Tazama pia mahali mpini unapoungana na kifuniko, kwa sababu ndipo plastiki hafifu hupasukia, na usukume mlango kutoka ndani kwa vidole viwili kama paka atakavyousukuma kwa paji la uso. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hatakataa jaribio hilo. Akikataa, nenda duka jingine. Hata ukilinunua lililo imara, siku ya safari libebe kwa kulikumbatia, mkono mmoja ukiwa chini ya kitako, maana kulining'iniza kwa mpini humyumbisha aliye ndani kwa kila hatua.

Mikoba ya kitambaa yenye nyavu ni miepesi, hukaa vizuri mapajani ndani ya matatu, na kwa paka mtulivu inafaa kabisa. Udhaifu wake uko kwenye zipu, ambayo paka huifungua kwa kuisukuma kwa pua mpaka nafasi ipatikane, kwa hiyo chagua wenye ndoano ndogo ya kufungia zipu. Mkojo nao hupenya kitambaa na harufu haitoki upesi. Vikapu vilivyosukwa vyenye vifuniko hupendeza sebuleni, lakini siviafiki kwa safari ya hospitali, kwa vile uchafu hujificha kati ya nyuzi pasipofikiwa na brashi.

Asiyemudu bei za madukani anaweza kumwendea fundi. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, wanaotengeneza masanduku ya shule na majiko, wanaweza kukuundia kizimba cha waya, mradi uwaeleze sawasawa unachotaka: mlango uwe juu na komeo lake lisiweze kusukumwa kutoka ndani, matundu ya waya yawe madogo kiasi kwamba wayo haupiti, ncha zote zikunjwe kuelekea nje, na chini kuwe na trei ya kuoshwa. Kikipakwa rangi, kiache juani siku kadhaa hadi harufu iishe. Kizimba hiki huwafaa hasa paka wakali wa mitaani wanaopelekwa kuhasiwa. Hata hivyo, kwa kuwa kiko wazi pande zote, ni lazima kifunikwe kwa leso, kwani paka asiyeona mbwa wala msongamano hutulia upesi.

Kasha la mtumba au la kuazima lisitumike kabla ya kuoshwa, kwa sababu kuvu wa mapunye na virusi vinavyoua watoto wa paka hudumu muda mrefu katika plastiki. Lisugue kwa sabuni kwanza, kisha ulipake sehemu 1 ya jiki iliyochanganywa na sehemu 32 za maji, uliache dakika 10, ulisuuze sana na kulikausha kabisa. Dawa za kuua viini zinazogeuka nyeupe kama maziwa zinapotiwa maji zisitumike, maana nyingi zina kemikali iitwayo fenoli, ambayo ini la paka haliwezi kuiondoa mwilini ipasavyo, naye huilamba kutoka kwenye manyoya na nyayo.

Chaguo lako litategemea pia usafiri wako. Ukitumia teksi, mwarifu dereva mapema, kisha uweke kasha sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, mahali ambapo breki za ghafla haziwezi kulirusha. Matatu ipande saa ambazo si za msongamano, na umwambie kondakta kabla hujaingia: "Kaka, nina paka kwenye kasha, nitalipia kiti chake." Bodaboda ni ya dharura tu, ukilazimika, lipakate kati yako na mwendeshaji, wala usikubali lifungwe nyuma kama mzigo. Msimu wa mvua za Machi hadi Mei, karatasi ya plastiki ya kufunikia isizibe matundu ya hewa. Ukifika kliniki, iwe ya chuo kikuu kule Kabete, ya KSPCA, shirika la kutunza wanyama, kule Karen, au ya mtaani kwako, liweke kwenye benchi, mlango ukielekea ukutani, kwa sababu sakafuni mbwa huja kunusa.

Baada ya kununua, usilihifadhi juu ya kabati. Liache wazi pembeni mwa sebule, mlango ukiwa umeondolewa, ndani ukitandika nguo uliyoivaa, na kila siku umtupie omena wachache humo hadi aingie na kulala kwa hiari yake. Huchukua wiki kadhaa kwa wengine, na haraka haisaidii. Dawa za kutuliza zipo kwa paka wanaoogopa kupita kiasi, lakini ni daktari peke yake anayepaswa kuziamua. Kuliweka tayari kuna sababu nyingine nzito. Dume linalochuchumaa mara kwa mara kwenye mchanga wake bila kutoa mkojo huenda limezibwa njia ya mkojo, na huweza kufa katika siku 1 au 2 lisipotibiwa, kwa hiyo linapaswa kuondoka nyumbani saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku. Andika nambari yako ya simu na ya kliniki juu ya kifuniko kwa wino usiofutika, na taulo la akiba likae ndani ya kasha wakati wote.